Kamba Ndani ya Ukuta

Anayejenga nyumba ya udongo husimika nguzo, akapitisha fito, akazifunga kwa kamba, ndipo akakandika. Ukuta ukishakauka, jicho huona udongo tu. Kamba imezama ndani, na uzito wake si kitu mbele ya uzito wa udongo. Lakini ikioza, fito huachia na ukuta hulala. Kamba hiyo hunijia kila ninaposoma habari za ukuta wa seli, kwa sababu shuleni tulifundishwa fito na udongo peke yake: mimea ina selulosi, kuvu wana kitini, bakteria wana peptidoglikani. Zote kwa sehemu kubwa ni minyororo ya sukari. Protini iliyofungwa humo hupita bila kutajwa.

Wataalamu wa mimea, wa kuvu na wa bakteria wamelelewa katika mapokeo matatu ya elimu, na kila mapokeo yana swali lake. Wa mimea waliuliza: kitu kigumu namna hii hukuaje? Wa kuvu waliuliza jinsi uzi mwembamba unavyotoka majini ukasimama hewani. Wa bakteria, waliofanya kazi jirani na wodi, walitaka kujua adui anatushikaje. Kila kundi lilikuta ukutani protini ya kujibu swali lake, na naamini ndiyo maana kwa miaka mingi hawakusomana vya kutosha.

Mwaka 1960 Derek Lamport na Donald Northcote walionyesha kwamba kuta changa za seli za mimea zina haidroksiprolini, asidi amino iliyojulikana zaidi katika kolajeni, protini ya ngozi na kano za wanyama. Lamport aliipa protini yenyewe jina la ekstensini, akidhani inahusika na kutanuka kwa ukuta. Jina likabaki, ushahidi ukaenda upande wa pili: molekuli zake hufungana tirosini kwa tirosini, na ukuta hukakamaa. Ni kamba ya kukaza.

Ya kulegeza ilisubiri hadi 1992, nayo ilipatikana kwa jaribio ninalolipenda kuliko yote katika elimu hii. Simon McQueen-Mason na Daniel Cosgrove walichukua vishina vichanga vya miche ya matango, wakaviua kwa kuvigandisha, wakavibana ncha zote mbili na kuvivuta ndani ya maji yenye asidi. Vilikuwa vimekufa, lakini viliendelea kurefuka polepole. Vilivyochemshwa kwanza havikurefuka. Vilipotiwa protini zilizochujwa kutoka kuta nyingine za aina hiyo, vikaanza tena kurefuka. Protini hiyo ni ekspansini. Haikati sukari, hulegeza tu mshikano wa nyuzi, hata za karatasi ya kuchujia ambayo ni selulosi tupu. Hapa nyumba yangu ya udongo inanipungukia: hakuna kamba inayojua kujilegeza ili nyumba irefuke, kisha ikakazwa tena.

Kwa hamira, ambayo ni kuvu, mfano wa kamba haufai kabisa. Katika ukuta wa hamira ya mkate, protini zilizovikwa sukari ya manosi huweza kufika thuluthi nzima ya uzito mkavu, hata zaidi. Hiyo ni lipu ya nje. Baadhi yake, flokulini, hushika manosi ya seli jirani. Seli hugandamana na kuzama, jambo ambalo watengenezaji wa bia hulingojea ili kinywaji kitakate. Ama uzi wa kuvu unaopanda hewani, jibu lake lilitoka Groningen, ambako Joseph Wessels na wenzake waliita protini zake haidrofobini mwaka 1991. Ni ndogo, za asidi amino mia moja hivi, na hujipanga zenyewe mahali maji yanapokutana na hewa. Chukua chungwa lililoota ukungu wa kijani, udondoshee tone la maji juu ya unga ule: tone hukaa mviringo kama ushanga, na unga haulowi.

Bakteria ndio walionifanya niache kulinganisha vifaa nikaanza kulinganisha mafundo. Staphylococcus aureus, mwenye kuleta majipu, ana protini A ukutani. Hushika kingamwili kwa mkia badala ya mikono, ikabaki imening'inia kinyumenyume, na seli zetu za ulinzi zikakosa pa kuikamata. Mwaka 1999 kundi la Olaf Schneewind lilimtambua mfungaji wake, kimeng'enya kiitwacho sotasi: hukata mwisho wa protini kati ya asidi amino za treonini na glaisini, na papo hapo hukifunga kile kikonyo kwenye daraja la glaisini tano la ukuta. Kuvu nao hukata ndipo wafunge: protini nyingi hufika zikiwa na nanga ya mafuta kwenye utando, nanga hukatwa, na kisiki chake huungwa kwenye glukani, mnyororo wa sukari wa ukuta wao. Mimea haifanyi hivyo. Ekstensini hufungana ubavu kwa ubavu, baada ya kuwa tayari zimekaa mahali pake. Kuta hizi tatu hazikurithiwa kwa babu mmoja, kwa hiyo kufanana kwa fundo la kuvu na la bakteria kunanishangaza kuliko tofauti zote.

Tofauti yenyewe huonekana unapoiondoa kamba. Mimea pia huongeza ekstensini ikishambuliwa, sikatai, lakini mmea mdogo wa Arabidopsis ukikosa ekstensini moja tu, kuta mpya hukaa upogo kati ya seli zinazogawanyika na kiinitete hukosa umbo. Mmea unaihitaji kwa ajili yake mwenyewe. Mbegu za kuvu Aspergillus fumigatus zisizo na haidrofobini huota vizuri, ila kinga ya mwili, iliyokuwa ikizipita kana kwamba hazipo, huziona. Na Staphylococcus aliyenyimwa sotasi hustawi maabara kama wenzake. Akiingizwa ndani ya panya, hushindwa kuwaambukiza kama wenzake wafanyavyo.