Dhahabu, Mashimo na Mitundu

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilituletea miembe, na leo mgeni akiingia Tabora hudhani mwembe ni mti wetu wa asili. Sivyo. Miti yetu ni mtundu, mninga na jamaa zao.

Nayasema haya kwa ajili ya shimo. Hapa Ntalikwa mkandarasi mmoja wa barabara alichimba moramu, akaenda zake. Sasa wapo wanaotaka tupande humo mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi. Mimi nilipinga mkutanoni.

Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke, upande wa Iramba, mwaka 1909. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia bahari, wakafua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli hapa Tabora, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakautwaa mji. Sarafu hizo hutafutwa sana na wakusanyaji wa ng'ambo. Mashimo hayana mnunuzi.

Mkoani mwetu, huko Nzega, mgodi wa Golden Pride ulianza kuzalisha mwaka 1998 ukafungwa 2014. Katikati ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kurekebisha ardhi iliyoharibiwa kukawa wajibu. Lakini kurudisha nini? Kijani chochote?

Mchoma mkaa akikata mtundu, kisiki huchipua. Mchimbaji huondoa mzizi wenyewe, pamoja na udongo wa juu wenye nyuzi za kuvu. Nyuzi hizo huupa mti maji na chakula cha ardhini, nao mti huzilipa sukari. Uyoga mwingi tunaookota mvua zikianza ni uzao wa ubia huo. Ndiyo maana udongo wa juu hutengwa kabla ya kuchimba na kurudishwa mapema, maana ukirundikwa miaka mingi hufifia.

Letu halikutengewa kitu. Nilipendekeza kila mche upewe udongo kidogo kutoka chini ya mitundu iliyosimama, na tuwe na subira na mninga, ambao miaka ya mwanzo hukauka juu kila kiangazi huku ukijenga mzizi. Vijana wakiuona hudhani umekufa, wakaung'oa.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, mbao tutapata lini?" Nikamjibu kwamba wajukuu zake ndio watakaozipasua. Watu wakacheka, na uamuzi ukaahirishwa hadi baada ya mavuno.