Valvu au Transista?

Wapo watu wazima wenye akili timamu watakaokuapia kwamba utamu wa muziki nyumbani ulikwisha siku valvu zilipoondolewa katika amplifaya. Valvu ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani rangi ya makaa. Sisi tuliokua na redio kubwa za mbao tunazifahamu. Vijana husema hizo ni porojo za wazee. Nami niliyefundisha historia naona pande zote mbili zimeisahau historia yenyewe.

Lee de Forest, Mmarekani, alibuni valvu yenye ncha tatu mwaka 1906, na baadaye ikatumika kukuza sauti. Ilikuza, lakini pia ilipotosha. Dawa ilipatikana asubuhi moja ya Agosti 1927, Harold Black akiwa ndani ya kivuko cha Mto Hudson akienda kazini New York. Fikra ilimjia ghafla, akaichora juu ya gazeti alilokuwa nalo: sehemu ya sauti inayotoka irudishwe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ipate kujisahihisha. Ni kama mwanafunzi anayerudishiwa daftari lake aondoe makosa. Wazo hilo ndilo lililomwezesha Harold Leak wa Uingereza kutoa, mwaka 1945, amplifaya ya valvu ambayo upotoshaji wake ulikuwa sehemu moja tu katika elfu. Transista ilikuwa bado haijazaliwa. Ilizaliwa Desemba 1947.

Amplifaya za transista za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilistahili kulaumiwa. Hazikustahimili joto, na pale transista moja ilipoikabidhi nyingine wimbi la sauti, mkwaruzo ulisikika. Sifa mbaya ilianzia hapo, ikadumu hata ugonjwa ulipopona. Mwaka 1978 jarida la Wireless World lilitoa habari za jaribio la amplifaya tatu za Quad: ya valvu ya mwaka 1953, na mbili za transista, za 1967 na 1975. Wasikilizaji hawakuambiwa ipi inapiga. Hawakuweza kuzitofautisha.

Kwangu mimi ugomvi wa sauti uliishia hapo, mradi mashine iwe nzima na spika zisidai wati nyingi. Lakini uzima huo una gharama. Kapasita za zamani hukauka, na ndani ya mashine ya valvu mna mamia ya volti yanayoweza kukaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiyejua asiifungue. Nyingi za leo, kwa upande wake, huwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, hazitoi joto kubwa, ila chipu yake ikiungua fundi hukuambia ununue nyingine.

Marehemu mdogo wangu aliwaachia wanawe amplifaya ya valvu, wakaniuliza, "Baba Mkubwa, tuiuze?" Niliwaambia wanunue ndogo ya kisasa kwa muziki wa kila siku. Ile ya baba yao niliipeleka kwa fundi mmoja mjini, mzee kama mimi, ambaye hana mwanafunzi hata mmoja. Sharti langu lilikuwa kwamba kijana wetu wa pili akae pembeni yake kazi yote. Kapasita wameshabadilisha. Sasa wanasubiri valvu mbili zilizoagizwa.