Mgeni na Sufuria Yake

Skripti ya Python yenye dirisha moja na vitufe vitatu haisumbui kwenye kompyuta ya aliyeiandika: Python imo, maktaba zimo, picha ya nembo iko kando yake. Mpelekee karani ambaye hajawahi kuandika amri hata moja, naye atakuuliza: nibofye wapi?

Kila mfumo una jibu lake. Mila ya Linux humpokea mgeni, yaani programu, mikono mitupu. Katika Debian, iliyoanza 1993, kifurushi hutaja tu vitu kinavyovihitaji, na mfumo hutoa Python na Tk, maktaba ya madirisha, kutoka jiko la pamoja. Ukiongeza faili dogo la .desktop lenye jina, amri na aikoni, programu inatokea kwenye menyu. Uzito wake wote ni kilobaiti chache. Maktaba ikigundulika ina tundu la usalama, huzibwa mara moja kwa wote wanaokula hapo. Taabu huja jiko linapobadilishwa: toleo jipya la Python linaingia, na skripti ya mwaka juzi inagoma.

Mac ilirithi desturi nyingine kutoka NeXT, kampuni ambayo Apple ilitangaza kuinunua mwishoni mwa 1996. Huko programu ni folda iliyovaa sura ya kitu kimoja. Jina lake huishia na .app, na ndani mna Contents, Info.plist na vyombo vyote. Zana ya py2app huijaza kwa niaba yako. Kuiondoa ni kuiburuta hadi kwenye pipa la taka, basi. Huu ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote, ingawa siku hizi mlangoni pana bawabu anayedai saini ya msanidi, na uanachama unaompa msanidi saini hiyo ni dola 99 kwa mwaka.

Windows haiji na Python, kwa hiyo mgeni hubeba sufuria, mkaa na mpishi. Wapishi wawili, kwa kweli: dirisha la tkinter huendeshwa na Tcl, hivyo mkalimani wa pili husafiri ndani ya mzigo huohuo. Zana ya PyInstaller inaweza kuufunga mzigo kama folda au kama faili moja. Wengi hukimbilia faili moja, maana linapendeza machoni. Lakini kila likifunguliwa hujimwaga kwanza katika folda ya muda, ndiyo sababu huchelewa kuamka, na baadhi ya programu za kuzuia virusi hulitilia shaka. Nembo nayo haipo tena pale skripti ilipozoea kuitafuta. Jioni nzima ilinipotea kwa aikoni moja.

Hata Linux sasa ina AppImage, faili moja lenye kila kitu, ila lenyewe hufunguliwa kama diski bila kumwagwa. Ubishi wa megabaiti haunisisimui. Ninachouliza ni nani atakayeziba tundu lililomo ndani ya sufuria ya mgeni, maana mwenyeji hana ruhusa ya kuigusa. Kwa ofisi yenye fundi wake, ningeiacha skripti ile jikoni. Karani wa mbali ningempa folda, na siku ya kuijenga upya ningeiandika kwenye kalenda yangu mwenyewe.