Kivutio Kisichovuta

Neno kivutio limezaliwa na kitenzi kuvuta, na kila anayelitamka anatoa ahadi kwamba hapo mahali panavuta watu. Ngorongoro ni kivutio, Lamu ni kivutio, na neno linakaa vizuri kwenye mabango ya wizara. Lipeleke Japani mwezi wa Januari, mbele ya bustani ambayo wageni wake wamebaki makwao wakingoja maua ya sakura, nalo linaanza kuyumba. Kisichomvuta mtu leo kinabaki kivutio kwa hoja gani?

Wajapani hawakulijenga neno lao juu ya kuvuta. Husema meisho, na herufi zake mbili ni jina na mahali: mahali penye jina. Zamani herufi hizohizo zilisomwa nadokoro, na palipostahili kuitwa hivyo ni pale palipotajwa na washairi, kiasi kwamba mtunzi aliyeishi Kyoto aliweza kupaimba bila kuwahi kufika. Jina lilitangulia, miguu ikafuata baadaye au isifuate kabisa. Mahali pa namna hiyo hapapungukiwi na kitu wageni wakiondoka.

Majira hayo ya Januari ya Japani nayo yana shida ya jina. Baadhi ya wafasiri wetu huandika kipupwe, nami siafikiani nao. Kipupwe ni ubaridi wa pwani wa Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Baridi ya kujitanda kanga asubuhi na kuivua saa nne. Baridi ya Japani inashika Desemba hadi Februari, wakati sisi tuko katika kaskazi na jua linatuunguza. Ajabu ni kwamba kaskazi na upepo wa baridi wa Japani ni ndugu. Bara la Asia likipoa, hewa yake nzito husukumwa kuelekea baharini. Kwetu inafika ikiitwa kaskazi, ileile iliyoleta majahazi ya Oman na Ghuba hadi Mombasa na Unguja. Kwa upande wa pili, hewa ya Siberia inavuka Bahari ya Japani, inazoa unyevu njiani, inakutana na milima ya kisiwa cha Honshu na kuumwaga unyevu huo ukiwa theluji. Ng'ambo ya milima, Tokyo, anga la miezi hiyohiyo huwa kavu, na Mlima Fuji huonekana wazi kuliko wakati wa joto. Kwa hiyo naandika majira ya baridi kwa nchi nzima, na majira ya theluji kwa ule upande unaoitazama Siberia.

Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Kwetu imehamia kwenye friji.

Upande wa theluji uko mji wa Kanazawa na bustani yake ya Kenrokuen, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1874. Theluji ya huko imejaa maji, na uzito wake huvunja matawi. Ndiyo maana kila tarehe 1 Novemba watunza bustani huanza kazi iitwayo yukitsuri, yaani kutundika kwa ajili ya theluji. Mlingoti husimamishwa kando ya shina la msonobari, kamba za mabua ya mpunga hushushwa kutoka kileleni na kufungwa tawi kwa tawi, hata mti ukaonekana kama mwavuli uliobaki mbavu tupu. (Mlingoti nimeukopa kwa mabaharia, kwa sababu nguzo haikuambii kwamba juu yake kuna kamba.) Leo kamba hizo hufungwa hata katika bustani za Tokyo ambako theluji ni haba. Huko zimekuwa pambo la majira.

Mti unaoanza kufungwa Kenrokuen ni msonobari wa Karasaki, unaohitaji takriban kamba 800. Karasaki si Kanazawa. Ni ufuko wa Ziwa Biwa, wenye msonobari uliosifika tangu zamani, na bwana wa 13 wa ukoo wa Maeda, Nariyasu, aliagiza mbegu kutoka huko ili ziote bustanini mwake. Kilichosafirishwa ni mbegu, lakini nahisi alichokitaka ni jina. Jaribu kuliweka neno kivutio hapo uone linavyokataa.

Wenye biashara, bila shaka, hawana muda wa mambo haya. Watu wa hoteli za pwani yetu husema lo sizini wakimaanisha masika. Wenzao wa Japani husema kansanki, neno la ofisini lenye herufi ya utulivu na herufi ya kutawanyika. Afadhali lao, limesema kinachotokea. Ila tusidanganyike kwamba baridi ni kimya kila mahali. Katika kijiji cha Shirakawa-go, usiku wa taa, mtu haingii bila kuweka nafasi mapema. Kimya kipo pasipowashwa taa. Wajapani wana tamko la theluji inayoanguka pasipo kelele, shinshin, sauti ya kitu kisicho na sauti. Sisi tuna jii: palikuwa kimya jii. Yamkini hili ndilo neno pekee katika makala haya ambalo halikuhitaji mfasiri.

Mwaka 1643 mwanazuoni Hayashi Gahō alitaja mandhari tatu zilizo bora Japani: Matsushima, Miyajima na Amanohashidate. Wapo wanaozigawia theluji, mwezi na maua, na theluji huangukia Amanohashidate, ukanda wa mchanga wa kilomita 3.6 uliojaa misonobari, ambao jina lake ni daraja la mbinguni. Kitenzi chetu kutalii, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusoma kwa makini. Maana hiyo imefifia, nami ningeirudisha kwa anayefika hapo mwezi wa Februari, kwa kuwa anachokwenda kukisoma ni hilo jina. Na hulisoma kwa namna ya pekee: hupanda kilimani, huupa mchanga mgongo, huinama na kuchungulia katikati ya miguu yake, hapo daraja likainuka kuelekea angani. Tendo hilo lina neno lake, matanozoki. Kwa Kiswahili tungesema kuchungulia tu, halafu tukaanza kueleza ni kupitia wapi.