Upanga wa Uchawi na Bei ya Namba

Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, uliupa upanga wa uchawi alama ndogo ya kujumlisha: +1, +2, +3. Anayepiga hurusha dadu ya pande 20, huongeza namba ya upanga wake, ndipo ajue kama pigo limempata adui. Kwa hesabu hiyo +1 ni asilimia 5 tu ya nafasi ya kupiga. Mtu anaweza kucheza jioni nzima asiione kazi yake. Uzito wa upanga ulitoka kwingine. Hazina ziliamuliwa kwa dadu, kwa hiyo hakuna aliyeahidiwa kitu, na kitabu cha mazimwi cha 1977 kilikuwa na viumbe wasiodhurika kwa silaha za kawaida, kama golemu wa chuma aliyehitaji silaha ya +3. Anayejua habari za Fumo Liyongo anaielewa mantiki hiyo: shujaa asiyeuawa kwa mkuki wala mshale aliangushwa kwa shaba iliyochomwa kitovuni. Nguvu ya silaha ilikuwa katika lile inaloliweza yenyewe na nyingine haziliwezi, na naamini nyongeza ilistahili kubaki hapo.

Haikubaki. Toleo la tatu, lililochapishwa na Wizards of the Coast mwaka 2000, liliipa kila nyongeza bei yake: namba mara yenyewe, kisha mara 2,000. +1 ikagharimu vipande 2,000 vya dhahabu, +5 ikafika 50,000. Kitabu kikaeleza mhusika wa kila ngazi awe na mali kiasi gani, na hata moto unaowaka kwenye upanga ukahesabiwa bei kama +1 nyingine. Toleo la nne la 2008 likakamilisha safari: nyongeza ilipanda hadi +6, na ulinzi wa mazimwi ukapanda sambamba. Aliyepata upanga mpya alibaki pale pale alipokuwa; aliyeukosa aliachwa nyuma. Silaha ya hadithi ikageuka mshahara.

Watetezi wa utaratibu huo husema wachezaji hupenda kuona namba ikikua. Ni kweli, na furaha hiyo si ya kubezwa. Lakini anayekua anaweza kuwa mtu, si chuma chake: kitabu cha Dark Sun cha 2010, chenye ulimwengu ambao metali ni adimu, kiliruhusu nyongeza zitokane na ngazi ya mhusika mwenyewe. Hoja nzito zaidi ni ya wapiganaji. Mchawi hupata uwezo mpya kila apandapo ngazi, kwa hiyo ukimnyang'anya mpiganaji nyongeza utamwacha mikono mitupu. Hoja hiyo imeona ugonjwa halisi, ila dawa yake ni dhaifu, kwani mchawi hamzidi mwenzake kwa asilimia 5. Humzidi kwa kuruka angani na kutoweka machoni pa watu. Tazama upanga uitwao Flame Tongue. Katika kanuni za 1979 ulikuwa +1, ukipanda hadi +4 dhidi ya wafu wanaotembea. Katika toleo la tano la 2014, lililoweka kikomo cha +3 na lisilotegemea kwamba kila mhusika atapata silaha za uchawi, hauna nyongeza hata moja: mwenyewe hutamka neno, upanga ukawaka na kumulika giza, na kila pigo likaongeza dadu mbili za pande 6 za madhara ya moto. Mpiganaji aliyeushika anaweza kuchoma kamba za daraja, au kulizuia zimwi linalojiponya lisifunge majeraha yake, kazi ambazo +5 tupu haiwezi kuzifanya.