Pasipoti kama Nyenzo ya Kazi: Wageni Waliojitolea Rwanda, 1992–1994

Mjadala kuhusu wageni wanaojitolea katika nchi zenye machafuko huishia mara nyingi kwenye suala la ujasiri: nani alibaki, nani aliondoka. Suala hilo linawafaa waandishi wa tanzia kuliko watafiti. Hoja ya makala haya ni kwamba machafuko yanapozuka, kitu cha thamani kuu alicho nacho mgeni si ujuzi wake wala fedha za wafadhili wake, bali uraia wake. Mashirika yanayompeleka hupanga mambo yao kana kwamba hayalijui hilo.

Tuanzie Nyamata, katika eneo la Bugesera, Machi 1992. Watutsi walikuwa wakiuawa na nyumba zao kuchomwa moto, huku serikali ikieleza kuwa hizo ni hasira za wananchi. Antonia Locatelli, Mwitalia aliyekuwa ameishi huko kwa miaka mingi, alizipigia simu redio za kimataifa akasema mauaji yale yalipangwa. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi akafa. Amezikwa kando ya kanisa la Nyamata, ambako watu kwa maelfu waliuawa miaka miwili baadaye. Wenyeji waliyaona yaleyale aliyoyaona yeye. Aliyesikika Ulaya ni yeye. Waliomuua, kwa maoni yangu, walilielewa jambo hilo vizuri kuliko waajiri wengi wa watu wa kujitolea.

Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji walifika Kigali kuwaondoa raia wa kigeni. Kilichoamua nani apande ndege kilikuwa pasipoti. Katika shule ya ETO, Kicukiro, Watutsi wapatao 2,000 walikuwa wamejihifadhi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili wageni walikwisha kuchukuliwa, askari wakaondoka, na wengi wa waliobaki wakauawa siku hiyohiyo. Wauaji walikuwa nje ya lango tangu awali; walisubiri tu mashahidi waende zao.

Mmarekani Carl Wilkens, aliyeongoza shirika la misaada la Waadventista nchini humo, alikataa kuondoka. Nyumbani kwake walikuwamo wafanyakazi wawili Watutsi. Katika miezi mitatu iliyofuata alipeleka maji, chakula na dawa kwa vituo vya yatima, kikiwemo kile cha Mnyarwanda Damas Gisimba, kilichohifadhi karibu watu 400. Kituo hicho kilipokaribia kushambuliwa, Wilkens alimkabili Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji, akamwomba awanusuru. Wakanusurika. Gisimba, aliyewaficha tangu mwanzo, asingeweza kupata nafasi hiyo mbele ya waziri mkuu.

Je, basi kila mgeni abaki? Hapana. Kijana aliyekuja kufundisha kwa mwaka mmoja, asiyejua Kinyarwanda na anayehitaji kulindwa, ni mzigo kwa wenyeji wake, na anapaswa kuondoka kabla barabara hazijafungwa. Hata pasipoti ina mipaka yake: Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka Butare baada ya wagonjwa na wafanyakazi wa Kinyarwanda kuuawa hospitalini mbele ya macho yao. Mwezi Juni walidai hadharani hatua za kijeshi, kwani tiba haizuii mauaji ya kimbari.

Kuna pia mgeni wa aina nyingine, ambaye maandishi ya kitaaluma humsahau: jirani. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya takriban saa 24. Waliojitolea kupitia Msalaba Mwekundu wa Tanzania hawakuwa na ndege ya kuwasubiri, wala sauti yao haikufika mbali kama ya Locatelli. Walichokuwa nacho ni Kiswahili na ujuzi wa mahali.

Kinachofuata kutokana na haya ni suala la mikataba. Shirika linalompeleka mgeni katika nchi inayotokota limwambie dereva, mpishi na muuguzi wake mwenyeji, kwa maandishi na siku ya kuajiriwa, kama jina lake litakuwemo katika orodha ya watakaoondolewa. Kama halimo, alijue mapema, awe na mshahara wa miezi kadhaa mkononi na muda wa kuivusha familia yake mpakani njia zingali wazi.