Mdomo wa kamera: lenzi gani huishi na gani hufa

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze kuhusu kamera. Kazi yangu mnaijua. Picha napiga kwa kujifurahisha tu, siku za mapumziko, na mtu wa aina yangu haendi dukani kununua lenzi mpya kila mwezi. Tunanunua mitumba. Na mnunuzi wa lenzi za mitumba huwa na swali moja kabla ya yote: je, hii itaingia kwenye kamera yangu?

Swali hilo lina historia ya karibu miaka mia moja. Ukiifuata utakuta ni mambo yale yale tunayoyajua sisi wa tarakilishi: kampuni ipi ilitimiza ahadi kwa wateja wake wa jana, ipi iliivunja, na nani aliyelipa gharama.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Lenzi hukusanya mwanga na kuchora picha nyuma yake. Filamu, au siku hizi kihisi, lazima ikae pale pale picha inapochorwa. Kwa hiyo kila aina ya kamera ina kipimo kimoja kisichobadilika, nacho ni umbali kutoka mdomoni mwake, pale lenzi inapofungwa, hadi filamu ilipo. Mimi nitauita kina cha mdomo.

Sasa, ukichukua lenzi iliyoundwa kwa kamera yenye kina kikubwa, ukaitaka ikae kwenye kamera yenye kina kidogo, kazi ni rahisi. Unaweka pete katikati ya kujaza ile nafasi iliyopungua. Pete hiyo ndiyo adapta. Ukifanya kinyume, lenzi inakaa mbali mno na filamu na hakuna pete ya kupunguza umbali. Utapiga ua lililo karibu nawe na litatoka vizuri, lakini Mlima Kenya utakuwa ukungu mtupu hata siku isiyo na wingu. Shikeni kanuni hiyo, maana historia yote iliyobaki inaizunguka.

Tuanze na Leica. Kamera yao ya kwanza kuuzwa, mwaka wa 1925, ilikuwa na lenzi isiyotoka. Mwaka wa 1930 wakatoa kamera ya kubadilisha lenzi, lakini kiwandani kila lenzi ililinganishwa na kamera yake. Lenzi yangu isingekufaa wewe. Mwaka wa 1931 ndipo kina kilipofanywa kimoja kwa kamera zote: milimita 28.8, na mdomo wa skrubu wenye upana wa milimita 39. Tangu hapo lenzi yoyote iliingia kwenye kamera yoyote ya aina hiyo. Kiwanda cha FED kule Kharkiv kiliiga skrubu hiyo, na Canon ya Japani ikaitumia pia. Kwa lugha yetu, kiolesura kilikuwa kimetangazwa na kila mtu angeweza kuandika programu yake.

Skrubu ina shida moja: ni polepole. Mnajua tofauti ya balbu ya skrubu na balbu ya pini. Ya skrubu unazungusha wee mpaka mkono uchoke. Ya pini unasukuma, unageuza kidogo, imekwisha. Mwaka wa 1954 Leica waliamua kuhamia mfumo wa pini kwenye kamera yao ya M3. Hapa ndipo walipofanya jambo la busara. Kina cha mdomo mpya walikifanya milimita 27.8, yaani milimita moja pungufu ya ule wa zamani. Kwa nini moja? Ili pete ya unene wa milimita moja itoshe, na kila lenzi ya skrubu ambayo mteja alikwisha kuinunua iendelee kufanya kazi. Milimita moja tu, na hakuna mteja aliyeachwa nyuma!

Wakati huo kamera za aina nyingine zilikuwa zimeanza kushika soko: zile zenye kioo ndani, ambazo unaangalia kupitia lenzi yenyewe. Kioo kinahitaji nafasi ya kuruka juu unapopiga picha, kwa hiyo mdomo ulilazimika kuwa na kina kikubwa. Mwaka wa 1949 kamera ya Contax S kutoka Dresden ilikuja na skrubu ya milimita 42 na kina cha milimita 45.46. Skrubu hiyo, inayojulikana kama M42, ilisambaa kama mwongozo usio na mwenyewe. Praktica waliitumia, Pentax wakaitumia tangu 1957, na Zenit za Kisovieti zikaifuata. Ndiyo maana ukikuta lenzi kuukuu ya Helios au Takumar kwenye meza ya mitumba, mara nyingi nyuma yake kuna skrubu hiyo. Pentax walipohamia mfumo wa pini mwaka wa 1975, walikiacha kina kile kile cha 45.46, na lenzi zao za zamani ziliingia kwa kipande chembamba kinachokaa ndani ya mdomo mpya.

Tusiwasahau Tamron. Wao walitengeneza lenzi za kutumika kwenye kamera za wengine, na walichoka kutengeneza lenzi ile ile mara kumi. Mwaka wa 1957 walileta mdomo wa T, na mwaka wa 1973 mfumo wa Adaptall: lenzi moja, na nyuma yake kipande unachobadilisha kulingana na kamera. Msomaji anayeandika programu ameshatambua hapo. Lenzi haijui lolote kuhusu kamera. Kile kipande ndicho kinachojua. Mdomo wa T bado unatumiwa na watazama nyota wanaofunga kamera kwenye darubini.

Mtikisiko mkubwa ulikuja na kamera za kujitafutia fokasi zenyewe. Minolta walitangulia mwaka wa 1985 na kamera ya 7000. Mdomo wao wa zamani ulikuwa na kina cha milimita 43.5, mpya ukawa 44.5. Tofauti ni milimita moja, kama ya Leica, ila upande usiofaa. Lenzi zote za zamani za Minolta zilikwama.

Mwaka wa 1987 Canon nao walifanya vivyo hivyo, tena kwa kishindo. Mdomo wa FD, uliokuwepo tangu 1971 ukiwa na kina cha milimita 42, uliachwa, na EF ukaingia na milimita 44. Mtu aliyekuwa na lenzi tano za FD aliambiwa, kwa vitendo, aanze upya. Adapta zilizofuata zilihitaji kuwa na kioo cha ziada ndani ili zione mbali, na kioo cha ziada hupunguza ubora. Wapiga picha wengi walikasirika, na walikuwa na haki.

Nikon walichukua njia nyingine. Mdomo wao wa F wa mwaka 1959, wenye kina cha milimita 46.5, hawakuuacha. Kamera ya Nikon F ya 1959 na D850 ya 2017 zina mdomo wa umbo moja. Watu wakawasifu kwa uaminifu. Lakini ngoja kidogo, tuangalie ndani. Mwaka wa 1977 walibadilisha namna lenzi inavyoiambia kamera ukubwa wa tundu la mwanga, na lenzi za kabla ya hapo zinaweza kuvunja kidude kidogo mdomoni mwa kamera nyingi za baadaye. Walipoleta fokasi ya kujiendesha miaka ya 1980, mota waliiweka ndani ya kamera, na skrubu ndogo ikawa inaisukuma lenzi. Kisha mwaka wa 2006 ikaja D40, kamera ya bei nafuu isiyo na mota hiyo. Lenzi iliingia sawasawa, ikafunga kwa mlio mzuri, halafu haikusogea. Ilibidi uzungushe kwa mkono.

Canon, ambao walivunja ahadi mara moja, waliweka mota ya fokasi ndani ya lenzi badala ya kamera na mawasiliano yote yakawa ya umeme. Matokeo yake ni kwamba lenzi ya EF ya 1987 inaweza kutumika kwenye kamera zao za RF za tangu 2018 kwa adapta isiyo na kioo, na fokasi inafanya kazi. RF ina kina cha milimita 20, EF 44, hivyo adapta ni bomba la milimita 24 lenye nyaya.

Nani basi alikuwa mwaminifu zaidi? Aliyetunza umbo la mdomo huku maana yake ikibadilika ndani, au aliyevunja mara moja halafu akatulia? Mimi nawaelewa waliokasirika mwaka 1987, lakini ningependelea kuambiwa waziwazi "haifanyi kazi" kuliko kununua kitu kinachoingia na kunyamaza.

Mwisho wa hadithi unafurahisha. Mwaka wa 2008 Panasonic walitoa kamera ya G1, ya kubadilisha lenzi lakini isiyo na kioo ndani. Sony wakafuata mwaka wa 2010 na mdomo wenye kina cha milimita 18. Kioo kilipoondoka, kina kilipungua sana, na ile kanuni yetu ya mwanzo ikafungua milango yote. FD ya milimita 42 juu ya 18? Pete ya milimita 24, bila kioo. Minolta za zamani, M42, hata zile za skrubu za Leica, zote zinaingia. Lenzi zilizotangazwa kuwa zimekufa zilifufuka. Tena hizo za mkono ndizo zenye raha zaidi, kwa sababu haziombi chochote kwa kamera. Pete ya fokasi wanayo, pete ya tundu la mwanga wanayo. Lenzi ya EF haina pete ya tundu la mwanga, kwa hiyo inahitaji adapta yenye akili, ambayo ni ghali.

Kwa mwenzangu mnunuzi wa mitumba, nina machache ya kukuachia:

1. Jua kina cha mdomo wa kamera yako na cha lenzi kabla ya kutoa pesa. Cha lenzi kikiwa kikubwa zaidi, endelea. Kikiwa kidogo, rudisha mezani.
2. Filta nazo hufuata kanuni inayofanana. Filta ya milimita 58 itavaa lenzi ya 52 kwa pete ndogo. Ya 52 kwenye lenzi ya 58 itatia giza pembeni mwa picha.
3. Flashi kuukuu usiifunge kwenye kamera ya kidijitali bila kuipima. Nyingine hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake, na kamera yako haikuundwa kwa hayo.
4. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni kuvu. Lenzi iliyokaa muda mrefu kwenye unyevu wa pwani ichunguze mara mbili.

Na kwetu tunaoandika programu: wale wahandisi wa 1954 walijua kuna watu wameshalipa pesa zao. Walikaa wakatafuta milimita moja ya kuwabeba. Kabla hujabadilisha kiolesura kinachotumiwa na wengine, tafuta kwanza milimita yako iko wapi.